Bima ya Nakijwa na Mwaka Uliofutwa

Kuna nchi moja ambayo haijawahi kuwa na mwaka mbaya. Jambo hili limeandikwa kwenye kitabu chembamba anachopewa kila mgeni uwanja wa ndege, ukurasa wa kwanza kabisa, chini ya picha ya Mheshimiwa Rais akiwa ameshika mche wa kahawa: tangu Uhuru miaka yote imekuwa mizuri, na mingine imekuwa mizuri zaidi. Nakijwa alikisoma kitabu hicho akiwa kwenye foleni ya kugongewa mhuri, akamwonyesha mumewe Senkondo, nao wakafurahi kwamba wamebahatika kupata kazi mahali pa namna hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Nakijwa. Alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu wa Usangi kule milimani Upareni, na serikali ya nchi ile ilimwajiri kwa mkataba wa miaka mitatu aje asahihishe mizani ya masoko yake. Si kwamba wenyeji walikosa wakaguzi. Walikuwa nao arobaini, ila wote walikuwa wamepandishwa vyeo kwa utendaji uliotukuka, na mtu mwenye cheo hawezi tena kuinama kutazama mzani. Ndiyo maana akaletwa mgeni, ainame kwa niaba yao. Senkondo alikuwa seremala, lakini kwenye kibali cha kuishi aliandikwa "mwenza asiye na kazi", basi akawa anashinda nyumbani anatengeneza viti.

Wiki ya pili waliitwa Idara ya Wageni. Walipokelewa na Mratibu Mwandamizi wa Mapokezi, bwana mpole, mnene, ambaye hakuwa ametoa nembo ya dukani kwenye mkono wa koti lake ili watu waone kwamba ni jipya.

"Hospitali zetu za serikali ni bora kuliko zote katika ukanda huu," aliwaambia. "Ndiyo sababu hatupendi zitumike ovyo. Wananchi wanazitunza. Viongozi nao, kwa kutotaka kuwabana wananchi, wanajitolea kwenda kutibiwa nje. Na mgeni ana wajibu wake. Ndani ya siku kumi na nne anunue bima ya kampuni binafsi, atibiwe hospitali binafsi. Akishindwa tunamrudisha kwao angali mzima."

"Na kama mtu ana fedha yake mkononi?" Senkondo aliuliza. "Haendi tu akalipa?"

Mratibu alicheka mpaka akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. "Fedha taslimu haina mhuri wa kampuni, bwana. Daktari atajuaje kwamba unaumwa kihalali?"

Nakijwa hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ndoa yake ilikuwa na miaka sita, na hakuwahi kushika mimba. Kilichomtoa kwao hakikuwa mizani. Alikuwa amesikia kwamba hospitali binafsi za nchi ile zina madaktari wa uzazi wa kila namna, naye alitaka mtoto, basi. Mambo mengine ya mkataba aliyasoma mara moja. Kifungu cha bima ya uzazi alikisoma mara nne.

*

Kampuni za bima zilikuwa tatu. Nakijwa alichukua karatasi ya hesabu, akapiga mistari kwa rula, akazipanga kama anavyopanga mizani ya kukaguliwa. Ya kwanza, Heri ya Mama, ililipia uzazi wa mapacha tu, kwa maelezo kwamba mtoto mmoja ni jambo dogo ambalo familia yoyote inaweza kulibeba. Ya pili, Ngao Kuu, ilimlipia mama na mtoto, ila hospitali yake ilikuwa ndogo na haikuwa na lifti. Tena mteja alipaswa kungoja siku mia tatu kabla ya kupata huduma ya uzazi. Ya tatu iliitwa Kitulizo. Nayo ililipia mama na mtoto, kwenye hospitali ya ghorofa tisa, na kungoja kwake kulikuwa mwaka mmoja wa kalenda.

Alijumlisha, akapunguza, akarudia. Karatasi ikasema Ngao Kuu. Nakijwa akaizungushia duara jina hilo, akapanga kwenda kusaini Jumatatu.

Jumamosi mchana mtu alipiga hodi, akamsalimia kwa Kipare.

Hapo msomaji amhurumie kidogo. Zilikuwa zimepita wiki tatu bila Nakijwa kuisikia lugha ya kwao isipokuwa kinywani mwa mumewe, na Senkondo si msemaji. Mgeni alijitambulisha kuwa ni Yonazi Mchome, mtu wa Mbaga, hukohuko Upareni, wakala wa Kitulizo. Alikuta makande ya mahindi na maharage jikoni. Alikula sahani ya kwanza akiwataja watu wa mji wa Same mmoja mmoja, na kwenye sahani ya pili alitokwa machozi, akasema makande ya namna ile aliyala mara ya mwisho kwa marehemu mama yake. Kabla ya saa kumi Nakijwa alikuwa "dada yangu" na Senkondo alikuwa "shemeji".

"Ngao Kuu?" alisema alipoiona ile karatasi yenye duara. "Dada, hao wanahesabu siku. Siku mia tatu! Nani ana muda wa kukaa anahesabu siku? Sisi tunakupa mwaka. Januari mpaka Desemba, mtu unajua uko wapi."

"Lakini siku mia tatu ni chache kuliko mwaka, kaka Yonazi."

"Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye karatasi ni chache. Lakini niamini mimi, nimekaa nchi hii miaka kumi na moja." Alifikiri kidogo. "Au saba. Inategemea."

Walicheka wote watatu. Nakijwa alidhani ni utani wa Wambaga.

Mtu huyu Nakijwa, ambaye kazini alikuwa haamini jiwe la kilo moja mpaka alipime mwenyewe, alisaini mahali kumi na moja Yonazi alipoweka alama kwa penseli. Hakusoma. Angewezaje kukaa anasoma mbele ya mtu wa kwao, amwonyeshe kwamba anamtilia shaka? Mahali pa tisa tu ndipo alipouliza, na Yonazi akamwambia, "Hiki ni cha kunipa mimi ruhusa ya kukusemea maofisini, maana wewe utakuwa kazini." Nakijwa akamshukuru. Bima ikaanza tarehe mosi Januari.

*

Mwezi wa Machi Nakijwa alikosa siku zake. Baada ya miaka sita! Senkondo alikaa chini kwenye sakafu akacheka kwa sauti. Yonazi alikuja na kuku wawili, akasema yeye ndiye mjomba na mjomba hapitwi, kisha akakuna kichwa.

"Furaha tunayo, dada. Ila imewahi. Uko kwenye kungoja."

Kitulizo haikuwa kampuni ya kumfukuza mtu mlangoni. Wateja ambao mwaka wao haujatimia walipewa sehemu yao hospitalini, ghorofa ya kwanza, iliyoitwa Wodi ya Kungoja. Ilikuwa na viti vya kuegemea, chai ya maziwa, magazeti ya juzi, na ukuta mzima wa kioo ambao kupitia kwake mteja aliweza kuwaona wenzake waliokwishatimiza mwaka wakitibiwa. Wodi hiyo ilikuwa fahari ya kampuni. Haijawahi kupoteza mgonjwa, kwa kuwa aliye ndani yake hahesabiwi kuwa mgonjwa. Anangoja.

Mwishoni mwa Agosti, saa tatu asubuhi, uchungu ulimshika Nakijwa akiwa sokoni ameinamia mzani wa vitunguu. Walimkimbiza kwenye ile hospitali ya ghorofa tisa. Nesi alitazama kadi yake, akampeleka kwa upole kwenye kiti, akamfunika shuka.

"Ukitaka chochote sema, mama. Ila kisiwe matibabu."

Mtoto alizaliwa saa sita mchana, miezi mitatu kabla ya wakati wake, kwenye kiti cha ngozi bandia. Alikuwa msichana. Alilia mara moja. Nyuma ya kioo daktari wa watoto aliinuka kwenye meza yake, akasogea, akaweka kiganja juu ya kioo kuonyesha masikitiko, kwani kuvuka hakuruhusiwa. Senkondo alimwita mtoto Namkunda, jina la mama yake mwenyewe, haraka haraka, ili aondoke akiwa na jina.

Walimzika kwenye makaburi ya wageni, nyuma ya kiwanda cha saruji. Sanduku alilitengeneza Senkondo kwa mbao za kiti alichokuwa hajakimaliza. Aliyelibeba ni Yonazi, kwa kuwa ndiye mjomba, na ni yeye aliyelia kuliko baba wa mtoto.

"Huyu ni wangu pia, dada," alisema, mikono imejaa udongo. "Nitamkumbuka mpaka siku yangu."

Nakijwa alimshikilia bega akalia naye. Katika nchi ile nzima hakuwa na mtu mwingine wa kumlilia.

*

Mwaka ukaisha. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Nakijwa akashika mimba tena, na safari hii kila kitu kilikuwa kwenye mstari: miezi kumi na miwili ya kungoja alikuwa ameimaliza, kadi yake imebadilishwa kutoka ya kijivu kuwa ya dhahabu. Alipanda lifti kwa mara ya kwanza. Daktari wa ghorofa ya sita alimpima, akamwambia ukweli: mlango wa uzazi ni dhaifu, unalegea mapema, na kile kilichotokea kitatokea tena kama hatutaangalia. Mwezi wa Mei aliushona. Akamwambia asisafiri, asipande hata basi la kwenda mkoani, na ikifika miezi saba alazwe palepale hospitalini mpaka ajifungue.

"Ukiwa kitandani kwangu, mtoto huyu utamlea," daktari alisema. "Ukiwa kwingine, sijui."

Nakijwa aliyashika maneno hayo. Alikuwa akiyarudia jikoni, njiani, ofisini. Kitandani kwangu, mtoto huyu utamlea.

Kisha Juni ikaingia, na Waziri wa Kalenda na Mafanikio akahutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi, serikali yenu sikivu imeukagua mwaka uliopita, na imeona haukukidhi viwango. Mvua zake zilikuwa hafifu. Daraja la Umoja lilianguka ndani yake, tena bila kibali. Uchaguzi mdogo tuliurudia mara tatu, na mara zote tatu wapiga kura wakakosea. Je, tuwarithishe watoto wetu mwaka wa aina hiyo? Bunge limekaa, limetafakari kwa kina kwa dakika ishirini, na kwa kauli moja limeufuta. Mwaka huo haukuwepo. Natoa wito kwa wananchi wote waendelee kuwa watulivu, kwani hawakuwahi kuwa na sababu ya kutokuwa watulivu."

Ndivyo ambavyo nchi ile imefaulu kutokuwa na mwaka mbaya. Utaratibu ni wa siku nyingi, na wenyeji wameuzoea kiasi kwamba siku hiyo wengi walikuwa wanasikiliza redio huku wakiendelea kumenya ndizi. Wanafunzi walirudishwa darasa la nyuma. Waliooana katika mwaka ule walirudi kwa wazazi wao wakaagwe upya, na walioachana walionekana jioni wakibeba magodoro kurudiana. Daraja la Umoja likahesabiwa kuwa limesimama, na askari wa usalama barabarani wakaanza kuwakamata madereva wanaokwepa kulipitia. Mheshimiwa Rais akatimiza miaka arobaini na tisa kwa mara ya tano.

Nakijwa naye alicheka, akamwambia Senkondo kwamba hii lazima waihadithie Usangi. Alhamisi ikaja barua.

"Mteja wetu mpendwa," iliandika Kitulizo, "hongera kwa kuanza upya. Kufuatia Sheria ya Kufuta Mwaka, muda wako wa kungoja umeanza rasmi Januari ya mwaka huu, na utakamilika mwishoni mwa Desemba. Mimba yako, inayotarajiwa Novemba, kwa hiyo imewahi. Kadi ya dhahabu imesitishwa. Unakaribishwa Wodi ya Kungoja. Aidha, tunaomba uturejeshee mshono wetu, ukiwa safi, ndani ya siku kumi na nne."

Alimpigia Yonazi simu mara saba. Haikupokelewa.

Kurudi Usangi kusingewezekana. Daktari alikuwa amekataza safari, na hata angeruhusu, mkataba wa Nakijwa ulikuwa umerudi mwanzo pamoja na kila kitu, na hati za kusafiria za wataalamu wapya hukaa Idara ya Wageni mpaka wathibitishwe kazini.

*

Msomaji asidhani kwamba nchi ile hufuta mwaka kiholela. Sheria inataka kila mkazi asaini kwanza Tamko la Kutokuwa na Tukio, la kueleza kwamba katika mwaka husika hakupatwa na lolote. Mwenye tukio anaruhusiwa kuweka pingamizi, na akishinda, mwaka hubaki kuwa wake peke yake. Nakijwa aliyajua haya kutoka kwa karani wa Idara ya Kalenda, mama mmoja mchangamfu aliyekuwa anashona kitambaa cha meza mezani.

"Ila wewe, mama, uliridhia, na kwa niaba ya mwenza wako," karani alisema, akafungua jalada. "Tamko lako hili hapa."

Lilikuwa limechapwa vizuri. Katika mwaka tajwa, mteja wangu hakupatwa na jambo lolote, la furaha wala la huzuni. Chini yake ilikuwa sahihi ya Yonazi Mchome, mwakilishi, kwa mamlaka aliyopewa kwenye ukurasa wa tisa. Nakijwa akatazama tarehe. Lilisainiwa siku nne baada ya mazishi.

Senkondo alisoma mara mbili. "Siku nne? Udongo alikuwa hata hajautoa kwenye kucha."

"Mawakala huzikusanya mapema," karani alieleza. "Mwaka ukianza kuchechemea, kampuni zinaambiwa. Kwani hamkushauriwa mkachukue Ngao Kuu? Wale wanahesabu siku. Siku kisheria hazifutiki, unaofutika ni mwaka tu. Kila wakala anajua hilo, ni somo la kwanza."

Nakijwa aliomba kiti. Alikumbuka ile karatasi yake ya hesabu na lile duara, na sahani ya pili ya makande, akaona aibu kubwa, aibu ya mtu aliyeibiwa huku akimshikia mwizi taa. Kisha aibu ikaondoka ikabaki hasira. Aliandika pingamizi hapohapo.

*

Kamati ya Pingamizi ilikaa katikati ya Julai, asubuhi, chini ya kalenda kubwa yenye tundu mahali ulipokuwa mwaka ule. Mwenyekiti alikuwa mzee wa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu.

"Mlalamikaji anadai alipatwa na tukio," alisema. "Alitaje."

"Nilizaa," Nakijwa alisema. "Agosti. Mtoto wa kike. Anaitwa Namkunda. Alikufa siku hiyohiyo."

"Wapi?"

"Wodi ya Kungoja."

Wajumbe walitazamana kwa masikitiko. "Wodi ya Kungoja haijawahi kuwa na kifo, mama," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya kumbembeleza. "Iko kwenye mashindano ya tuzo ya ukanda. Kuna kaburi?"

Tarishi alikuwa ametumwa kutazama. Alirudi kuripoti kwamba nyuma ya kiwanda cha saruji makaburi ya mwaka ule yamesawazishwa kulingana na sheria, na sasa pamepandwa maua mazuri sana. Nakijwa aliweka mkono mdomoni.

"Basi tusikie shahidi," alisema Mwenyekiti. "Bwana Mchome."

Yonazi aliingia akiwa amevaa suti mpya. Hakutazama upande wao. Nakijwa, pamoja na yote aliyokuwa ameyaona kwenye jalada, moyo ulimruka alipomwona. Alijisemea kwamba karatasi ni karatasi, kusaini mtu anaweza kusaini chochote, lakini hapa ataulizwa mdomo kwa mdomo, mbele ya mama wa mtoto.

"Shahidi, ulikuwepo katika mwaka unaodaiwa?"

"Nilikuwepo, mheshimiwa. Kwa kadiri nao ulivyokuwepo."

"Mlalamikaji unamfahamu?"

"Ni dada yangu. Wa nyumbani."

"Je, Agosti alipata mtoto?"

Yonazi alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya navyo.

"Sikumbuki tukio lolote, mheshimiwa."

"Shemeji!" Senkondo alisimama, kiti kikaanguka. "Ulimbeba! Ulimbeba wewe kwa mikono yako!"

"Mwenza asiye na kazi hana sauti katika kikao," Mwenyekiti alimkumbusha. "Shahidi, kulikuwa na mtoto au hakukuwa?"

"Sikumbuki, mheshimiwa," Yonazi alisema tena, taratibu zaidi, kwa lafudhi ileile ya milimani iliyompendeza Nakijwa siku ya kwanza.

Pingamizi likatupwa. Nakijwa aliumia kuliko alivyoumia kwenye kile kiti. Kule alikuwa amenyang'anywa mtoto na watu asiowajua, ambao hawakumwahidi chochote. Huyu alikuwa amekula kwake.

*

Yonazi aliwafuata kwenye ukumbi, akiwa na bahasha.

"Dada, nisikilize. Nina watoto watatu huku. Wameniahidi uraia, nikiwa raia wanangu watatibiwa bure. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningesema kweli, Yonazi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kutanguliza kaka.

"Ukweli ungekulaza kitandani? Mimi nimekuletea kitanda." Alifungua bahasha. "Sahihi yangu ilitosha mpaka ulipokuja kusema hapa. Sasa maneno yako yako kwenye kumbukumbu ya kikao, na tuzo inatolewa Desemba. Kampuni inataka uyafute wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Useme hakukuwa na mtoto wala kifo, ulichanganyikiwa kwa sababu ya mimba. Ukisaini, wanakupa ule mwaka wa kungoja kwa hisani. Kadi ya dhahabu inarudi. Mwezi ujao unalazwa."

"Na mshono?"

"Unabaki nao. Zawadi ya kampuni."

Walirudi nyumbani na ile bahasha, wakaiweka mezani, wakakaa. Senkondo hakuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo aliyasema.

"Usisaini. Kaburi wameshalilima. Tukisema na sisi hakuwepo, nani mwingine atasema alikuwepo?"

"Nisiposaini, huyu nitamzaa wapi? Kwenye kiti?"

"Tutatafuta njia."

"Ipi, Senkondo? Nitajie moja."

Alitaja mkunga wa mtaa wa pili, akakumbuka kwamba wakunga wa nchi ile wamekatazwa kuwashika wageni. Alitaja mpaka wa kaskazini, akakumbuka maneno ya daktari. Mwisho akachukua randa yake akatoka nje, na kwa dirisha Nakijwa alimwona ameshika ubao bila kuuranda. Mtoto aliye tumboni alipiga teke. Nakijwa akavuta karatasi, na safari hii akaisoma yote, neno kwa neno, kama ilivyompasa kusoma zile kumi na moja za mwanzo. Ilisema hakuwahi kuzaa. Ilisema jina Namkunda si la mtu yeyote. Akasaini.

*

Kitulizo ilitimiza kila ilichoahidi, na ni haki kusema hivyo. Agosti ilipofika Nakijwa alilazwa ghorofa ya sita, kitanda cha dirishani, akaletewa uji kwa wakati na daktari akampitia kila asubuhi. Senkondo alikuja kila siku. Alikaa pembeni, akamkanda miguu, akamenya machungwa. Habari ya ile karatasi hawakuitaja, na kwa kuwa hawakuitaja, hawakuwa na mengi mengine ya kusema.

Mwanzoni mwa Oktoba uchungu ulianza. Madaktari walikuja watatu kwa mpigo. Saa nane mchana alizaliwa mtoto wa kike, mdogo lakini mzima, analia bila kupumzika. Daktari akasema akae siku kumi kwenye chumba cha joto, kisha waende naye nyumbani. Nakijwa alilia kwa furaha, furaha ya kweli kabisa, akamwambia Mungu asante kwa Kipare. Nesi alimvika mtoto kofia, akampa Senkondo amshike kidogo kabla ya kumpeleka, na Senkondo akamshika, akacheka kwa sauti, jambo ambalo Nakijwa hakuwa amelisikia tangu mwaka ambao haukuwepo.

Yonazi alikuwa amesimama mlangoni, na maua, kwa niaba ya kampuni. Utaratibu unamtaka wakala ashuhudie fomu ya uzazi ikijazwa.

Nesi alikalia kitanda, akaweka fomu kwenye goti. Aliuliza jina, umri, nchi, kazi. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, swali wanaloulizwa wanawake wote.

"Uzazi wa ngapi, mama?"

Nakijwa alimtazama Senkondo, na Senkondo alikuwa anamtazama yeye, mtoto kifuani. Mlangoni Yonazi aliacha kuchezea karatasi ya maua. Chumba cha joto kilikuwa ng'ambo ya ukumbi, mlango wazi, taa yake inawaka.

"Wa kwanza," alisema.

Senkondo alimbusu mtoto kwenye kofia, akamweka taratibu mikononi mwa mama yake, akapita pembeni ya Yonazi bila kumgusa, akashuka ngazi. Nesi aliandika moja, akapuliza wino ukauke, akanyoosha mikono kumchukua mtoto.